Kubadilisha Taa ya LED Uliyoitengeneza Mwenyewe: Anzia Pale ya Zamani Ilipoishia

Akropora yangu, tumbawe lenye matawi ninalolifuga kwenye tangi la maji ya chumvi, ilipoanza kuwa nyeupe nilidhani ni ugonjwa. Ilikuwa siku ya tatu tangu nifunge taa mpya juu ya tangi. Asubuhi, kabla taa haijawaka, nilimulika kwa tochi nikaona ncha za matawi ya juu zimefifia. Kufika jioni weupe ulikuwa umeshuka hadi katikati ya tawi. Nikainama, nikasogeza uso hadi kwenye kioo. Upande wa chini wa kila tawi ulikuwa bado na hudhurungi yake, na pale tawi moja lilipolikinga jingine palibaki mstari wa rangi ulionyooka kama uliopigwa kwa rula. Ugonjwa hauchagui kivuli. Ni mimi niliyeiunguza, kwa taa niliyoijenga kwa mikono yangu nikiwa na nia njema kabisa.

Ushauri huu ni kwa mwenzangu aliyejitengenezea taa ya LED zamani kidogo, ikamfaa, na sasa anataka kuiboresha. Anayeanza na tangi jipya hana taa ya zamani ya kulinganisha nayo. Wewe unayo, na matumbawe yako yameizoea.

Taa yangu ya zamani ilikuwa na LED 24 za wati 3, nusu nyeupe na nusu bluu iliyokoza, kila moja imevishwa lenzi ya nyuzi 60. Matumbawe yaliishi na kukua chini yake. Kasoro yake ilikuwa duara la mwanga mkali katikati na pembe zenye giza, na kila kitu kilikuwa na vivuli viwili, kimoja cha bluu na kingine cheupe. Mpya ina LED 36: 18 za bluu ya nanomita 450 (nanomita hupima urefu wa wimbi la mwanga, yaani rangi yake), sita za bluu ya 470, sita za zambarau karibu na 420, na sita nyeupe. Mwangaza wa bluu ndio tumbawe linaoutumia zaidi. Ndani ya nyama yake mna mwani mdogo usioonekana kwa macho, unaotengeneza chakula kwa mwanga na kumgawia mwenyeji wake sehemu kubwa, na klorofili ya mwani huo hunasa bluu vizuri sana. Mwanga ukizidi ghafla, mashine hiyo ya kutengeneza chakula huzidiwa na kuanza kutoa kemikali zinazochoma seli. Tumbawe huupoteza mwani wake, na weupe tunaouona ni mifupa ya chokaa inayoonekana kupitia nyama iliyobaki bila rangi.

Kosa langu lilikuwa kuamini macho. Jicho la binadamu huona vizuri zaidi rangi ya kijani, karibu na nanomita 555, na bluu huiona hafifu. Niliwasha taa mpya, nikaipandisha mpaka tangi likang'aa kama nilivyozoea, nikaiacha hapo: asilimia 70 ya nguvu yake. Baada ya madhara ndipo nilipoazima kipimo cha PAR, kifaa kinachosoma kiasi cha mwanga ambao mwani unaweza kuutumia. Juu ya mwamba, mahali ambapo taa ya zamani ilikuwa ikitoa 200 hivi, mpya ilikuwa inatoa 420. Mara mbili na zaidi, kwa siku moja. Usijiliwaze kwa kuhesabu wati pia, kwa sababu LED za sasa hutoa mwanga mwingi zaidi kwa kila wati kuliko zile za zamani.

Kwa hiyo, kama kuna jambo moja tu utakalolifanya, lifanye kabla hujagusa bisibisi. Azima kipimo cha PAR upime taa ya zamani ikiwa bado inaning'inia. Pima juu ya mwamba, katikati, mchangani na pembeni, na andika. Kipimo cha kawaida cha luksi hakitakusaidia kulinganisha taa mbili zenye rangi tofauti, maana kimetengenezwa kuona kama jicho lionavyo na kitakudanganya vilevile. Ukishafunga taa mpya, ishushe mpaka sehemu ya juu kabisa isome sawa na zamani au pungufu kidogo. Mimi nilishuka hadi asilimia 30, kisha nikapandisha asilimia 2 au 3 kila wiki, nikisimama kila nilipoona polipu, yaani vinywa vidogo vya tumbawe vyenye minyiri, hazifunguki vizuri. Ukikosa kipimo, anza chini kuliko unavyodhani inafaa. Tumbawe hustahimili wiki mbili za mwanga pungufu kuliko siku mbili za mwanga uliozidi. Likiwa hudhurungi kwa muda, hilo hurekebishika.

Kuhusu ujenzi wenyewe, nimeacha lenzi finyu. Kwa tangi lenye kina cha sentimita 50 au pungufu sioni sababu ya kuzitumia. Ni bora LED nyingi zilizotawanywa kwenye bamba pana, kila moja ikifanya kazi kwa nguvu ndogo. Mwanga hufika pembeni, vivuli vya rangi hupungua, na LED zenyewe hudumu. Changanya rangi karibu karibu pia. Ukiweka nyeupe zote upande mmoja utaona mistari ya rangi mchangani kila siku, na itakukera.

Draiva, kifaa kinachozipa LED umeme, ndipo wengi hukwama. LED huhitaji draiva ya mkondo usiobadilika, na volti zake lazima zilingane na jumla ya LED zilizofuatana. LED 12 za bluu, kila moja ikila volti 3.2 hivi, hufika volti 38 na ushee; draiva inayoishia volti 36 haitaziendesha sawasawa. Nimegawa LED zangu katika minyororo mitatu, kila mnyororo na draiva yake: miwili ya bluu, mmoja wa nyeupe na zambarau. Usiunganishe minyororo miwili sambamba kwenye draiva moja kwa kubana matumizi. Mmoja ukikatika, mkondo wote huhamia kwenye mwenzake na unaweza kuuchoma. Na usichomeke LED kwenye draiva ambayo tayari ina umeme. Kabla ya kuwasha, pima kwa mita kama kuna shoti kati ya kila kiungo cha risasi ya kulehemu na bamba la alumini. Mimi nilikuta shoti mbili, zote za tone dogo la risasi lililomwagika pembeni ya kiungo.

Bamba la alumini liwe nene na lenye mapezi, na paka pesti ya kupitisha joto, tabaka jembamba tu, chini ya kila LED. Kipimo changu ni kiganja. Taa ikiwa imewaka saa mbili, niweze kukiacha juu ya alumini bila kukivuta haraka. Nikishindwa, naongeza feni.

Halafu chumvi. Nilipoifungua taa ya zamani, waya wa shaba karibu na kiungo kimoja ulikuwa umegeuka kijani na ukasagika vidoleni kama unga. Hiyo ndiyo iliyokuwa sababu ya mnyororo mmoja kupepesa kwa miezi. Sasa nimeweka kioo cha akriliki chini ya LED, na nakifuta kila wiki. Draiva zinakaa pembeni ya tangi, kamwe si juu yake. Bamba limeungwa na waya wa ethi. Waya zote zinashuka chini ya soketi kwanza kabla ya kupanda, ili tone la maji lidondoke sakafuni. Na soketi ina swichi inayokata umeme mara unapovuja. Hapa sina mjadala na mtu. Maji ya chumvi na umeme havisamehe.

Jambo la mwisho lilinishtua. Mwanga ulipokaa sawa, matumbawe yalianza kujenga mifupa kwa kasi, na ualkali wa maji, ambao matumbawe huutumia kujengea mifupa hiyo na ambao kwa miezi ulikuwa umetulia kwenye dKH 8.5 (dKH ndicho kipimo chake), ukashuka hadi 7 ndani ya siku chache. Pima kila baada ya siku mbili katika kipindi chote cha kupandisha taa, na ongeza taratibu dozi ya kurudisha ualkali.

Kwa sasa nimesimama asilimia 45. Juu ya mwamba nasoma 270 hivi. Akropora ile ilipoteza matawi mawili. Mengine yamerudi, na ncha zake zina rangi ya zambarau ambayo chini ya taa ya zamani sikuwahi kuiona.