Umepasuliwa tumbo kupunguza uzito na sasa una mimba? Siri hiyo usiende nayo kliniki

USITHUBUTU. Salamu baadaye.

Nimesoma uzi wako nikapandwa na presha. Baipasi ya tumbo (tumbo hukatwa kijifuko kidogo kikaunganishwa na utumbo) India miezi 8 iliyopita, mimba ya wiki 12, mizani bado inashuka, hedhi ilikuwa inaruka hata tarehe huikumbuki, na shoga yako anakushauri usiseme kitu kliniki kwa sababu mama mkwe atakusindikiza na kadi anaisoma. Halafu unatuuliza kama mtoto anakua, umeze vidonge gani, kama utaweza kunyonyesha, na ngozi iliyolegea itakuwaje. Mdogo wangu, nani atajua kama anakua, ikiwa wanaompima hawajui wanampimia kwenye tumbo la namna gani?

Ushauri huo najua unakotoka. Ni wale makoodineta wa WhatsApp wanaosafirisha watu kwenda kupasuliwa. Kabla hujalipa wanakujibu saa nane za usiku. Ukishalipa unabaki na tiki moja ya kijivu. Wangu alinihakikishia kwamba nikishapona mimi ni mjamzito kama wengine, vidonge vya kliniki vinatosha, mtoto hujichukulia anachotaka mwilini mwa mama. Mtoto huchukua kilichopo. Kisichopo akichukue wapi, kwa koodineta? Mwanangu alitoka mdogo kama mkate wa boflo. Leo anavunja rimoti za watu, kwa hiyo msinipe pole, ipeni rimoti.

Sasa sikiliza kwa nini kuficha kunaumiza. Kliniki ya kawaida hupima mimba kwa futi ya kitambaa, kutoka mfupa wa kinena hadi kilele cha mji wa mimba. Kuanzia wiki ya 24 hivi, sentimita zinatakiwa zikaribiane na idadi ya wiki, zikipishana kwa 2 juu au chini si neno. Wiki 30, futi inasoma 29, nesi anaandika, "mtoto yuko vizuri mama", anaita mwingine. Wewe uliyepungua kilo nyingi kwa haraka una mkunjo wa ngozi na mafuta yaliyobaki, na futi inapita juu ya vyote hivyo. Ngozi inakupa sentimita ambazo mtoto hana. Nesi hajakosea kazi yake, amepima alichoambiwa.

Anayejua umepasuliwa haitegemei futi. Anakuandikia altrasaundi ya ukuaji kila wiki 4 hadi 6 kuanzia wiki ya 24. Hapo wanapima mzunguko wa kichwa, mzunguko wa tumbo na urefu wa mfupa wa paja, mashine inakadiria uzito. Wewe kodolea macho mzunguko wa tumbo. Mtoto akipata lishe pungufu, tumbo ndilo hubaki nyuma mapema, kwa sababu ini ndilo ghala lake la sukari na ghala likipwaya tumbo hupwaya. Kichwa mwili hukilinda hadi mwisho. Usiondoke na jibu la "mapigo yapo, anacheza". Omba karatasi yenye namba, ziwekwe kwenye chati. Chini ya mstari wa asilimia 10 anahesabiwa mdogo kwa umri wake. Tena kipimo kimoja hakionyeshi mwendo. Vinatakiwa viwili vilivyopishana wiki 2 au zaidi, uone kama anapanda na mstari wake au anauvuka kwenda chini. Akiuvuka, wanaongeza Dopla, altrasaundi ya mwendo wa damu, ya mshipa wa kitovu kuona damu inavyokwenda kwenye kondo la nyuma, na hapo ndipo huamuliwa azaliwe lini.

Nisije nikaonekana nakutisha bure: Wasweden walichapisha mwaka 2015 ulinganisho wa wajawazito waliopasuliwa na wenzao waliokuwa na unene kama wao wa kabla ya upasuaji. Kisukari cha mimba kilikuwa 1.9% kwa waliopasuliwa, 6.8% kwa wengine. Watoto wakubwa kupita kiasi walipungua pia, na hiyo ni faida yako. Ila waliozaliwa wadogo kuliko umri wa mimba walikuwa 15.6% dhidi ya 7.6%. Wengi wao ni wazima, lakini ni mara mbili, na mara mbili haifuatiliwi kwa futi ya fundi cherehani.

Na haya yote hayana maana kama umri wa mimba wenyewe umekosewa. Tarehe ya hedhi huna. Kwa hiyo altrasaundi ya kuhesabu umri uifanye WIKI HII, kabla wiki 14 hazijapita, wakati mtoto bado anapimwa kutoka utosini hadi matakoni. Baadaye kila mtoto hushika ukubwa wake, na mdogo atafichwa na maneno matano: "mama umekosea tarehe za hedhi". Wanamrudisha nyuma wiki tatu kwenye kadi, anaonekana wa kawaida, mnapigana makofi. Ukiniuliza ni shilingi ipi usiibanie katika mimba yote hii, ni ya altrasaundi hiyo.

Damu nayo. Kliniki watachoma kidole waangalie HB, ikija 11.5 watakupongeza. HB inaweza kuwa nzuri huku akiba ya chuma imekwisha. Akiba inaonekana kwenye kipimo cha feritini, na hakuna atakayekuandikia kama hajui kwamba chakula chako kinairuka duodeni, mwanzo wa utumbo mdogo, sehemu ambayo chuma na kalisi hufyonzwa zaidi. B12 ndiyo yenye hila kuliko zote. Ili ifyonzwe inahitaji asidi na protini maalumu itolewayo na tumbo, na tumbo lako kubwa limetengwa pembeni halikutani na chakula. Wakati huohuo unameza foliki asidi za kliniki kila siku, na foliki asidi huifanya damu ionekane safi hata B12 ikiwa imeisha, huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika. Unaanza ganzi za miguu, unaambiwa ni ujauzito. Kwa hiyo kila miezi mitatu ya mimba: picha kamili ya damu, feritini, B12, foleti, vitamini D, kalisi, albumini, na vitamini A hasa ukifika miezi ya mwisho. Orodha hiyo iandikwe na daktari aliyeona neno baipasi kwenye kadi yako.

Vidonge, maana uliuliza. Foliki asidi mikrogramu 400. Lakini kama BMI yako (uzito ukilinganishwa na urefu) bado ni 30 au zaidi, au una kisukari, daktari hukupa 5 mg mpaka wiki 12 ziishe, kwa hiyo hapo umeshachelewa kidogo, muulize. Chuma chenyewe 45 hadi 60 mg kwa siku, zaidi kama feritini iko chini. Soma pakiti vizuri, feri salfeti ya 200 mg ina chuma kama 65 mg tu, kilichobaki ni chumvi yake. Kalisi 1200 hadi 1500 mg kwa siku ukijumlisha na ya chakula, ukigawa dozi za 500 hivi, na utafute kalisi sitreti, kwa sababu kabonati inahitaji asidi usiyokuwa nayo. Chuma na kalisi VISIMEZWE PAMOJA, pishanisha saa 2 au zaidi, vinagombea mlango mmoja. Chai pia isikae karibu na chuma. Na ule udongo wa kula unaouzwa vijiti sokoni, ukiutamani ujue huenda chuma kimeisha, na ukiula, udongo unakamata hata hicho kidogo ulichomeza. B12 ni sindano: haidroksokobalamini 1 mg kila miezi 3, ile ya sianokobalamini hurudiwa kila mwezi.

Vitamini A iwe beta-karotini, isiwe retinoli, ile inayojaa kwenye maini. Multivitamini nyingi za waliopasuliwa zina retinoli, na retinoli ikizidi uniti 10,000 kwa siku inaweza kumlemaza mtoto mapema kwenye mimba. Kwa hiyo mama mkwe akija na sahani ya maini "uongeze damu", au na chupa ya mafuta ya ini la chewa, shukuru, mpe mume.

Uji wa lishe wenye sukari nao uusogeze pembeni. Kijifuko chako kidogo, uji unakijaza, sukari inakimbilia utumboni, unatoka jasho, na protini haijaingia. Unahitaji gramu 60 za protini kwa siku kwa uchache: yai moja ni 6, samaki aliyepikwa gramu 100 ni kama 20 na kitu, glasi ya maziwa au mtindi 8. Protini iingie kwanza, ugali baadaye, maji nusu saa baada ya kula. Na kupungua kukome. Uzito ukiendelea kushuka mwezi hata mwezi, hiyo si "diet imekubali", ni sababu ya kuonana na mtaalamu wa lishe. Wanashauri kusubiri miezi 12 hadi 18 baada ya upasuaji ndipo ushike mimba kwa sababu hiyo, na koodineta alipaswa kukuambia pia kwamba vidonge vya majira havitegemewi baada ya baipasi, afadhali kitanzi au kijiti. Hakukuambia, mimba imeingia, haina haja ya kujilaumu.

Sasa mambo matatu ambayo siri yako inaweza kukulaza wodini.

Wiki ya 24 hadi 28 utapewa chupa ya glukosi gramu 75 unywe kupima kisukari. USINYWE. Kwako ile sukari inamwagika utumboni kwa mkupuo: moyo mbio, jasho, tumbo kukata, kuharisha, ndani ya nusu saa. Kisha insulini inafumuka, na kati ya saa 1 na 3 sukari inaporomoka mpaka mtu anaweza kuzimia. Na jibu lenyewe ni batili, kwa sababu kipimo cha saa 2 kitasoma chini, wataandika "hana kisukari". Badala yake unajipima kwa mashine ndogo ya kidole kwa wiki nzima: asubuhi kabla ya kula iwe chini ya 5.3 mmol/L, saa 1 baada ya kula chini ya 7.8. Wa slivu, waliopunguzwa tumbo bila utumbo kuunganishwa upya, nao waombe hivyohivyo, wengine wao hupatwa na hayo.

La pili, kutapika. Ukitapika siku mbili tatu mfululizo chakula hakikai, ukakimbizwa zahanati, watakutundikia dripu ya glukosi, ndiyo mazoea. Akiba ya vitamini B1 kwa mtu aliyepasuliwa huisha haraka, na sukari ikiingia bila B1 inamalizia iliyobaki, ubongo unaumia: macho yanacheza, unayumba, unaropoka. Tayamini, ndiyo hiyo B1, inaingia KWANZA, kwenye mshipa, ndipo dripu. Huyo daktari wa zamu usiku atajua vipi? Kadi.

La tatu, maumivu makali ya juu ya tumbo, hasa kushoto au yanayochoma hadi mgongoni, mara nyingi miezi mitatu ya mwisho. Mwenye baipasi huachwa na mianya ndani, mji wa mimba ukipanda unasukuma utumbo, unapenya na kujisokota. Vipimo vya damu vinaweza kuwa safi, altrasaundi ikaonyesha mtoto yuko sawa, ukaambiwa kiungulia. Hapo anatakiwa daktari wa upasuaji na picha ya CT saa hiyohiyo, mionzi isiwe kisingizio cha kusubiri asubuhi, kwa sababu utumbo ulionyongwa hauna asubuhi. Na usitulizwe maumivu kwa diklofenaki au ibuprofeni, hizo zinakuchimbia kidonda kwenye maungio ya kijifuko na utumbo.

Kuhusu mama mkwe: ukifika, omba kuongea na mkunga wawili tu. Wakati wa kupimwa anayekusindikiza hukaa nje, hiyo ni kawaida na ni haki yako. Mwambie aina ya upasuaji, mwezi na mwaka, na kama unahofia macho ya watu aandike RYGB, kifupi cha baipasi ya tumbo (Roux-en-Y) wanachokijua madaktari. Mama mkwe akiisoma atadhani ni kundi la damu. Leo hii muandikie koodineta akutumie ripoti kamili ya chumba cha upasuaji, inayoeleza walivyounganisha na kama mianya waliifunga. Akikuonyesha tiki moja, iandikie hospitali yenyewe kwa barua pepe, jalada lako wanalo. Kisha omba rufaa ya kwenda kwa daktari wa wanawake, zahanati pekee haikutoshi.

Nesi akifoka "mbona siku ya kwanza hukusema?", mwambie ulikuwa unajipanga. Wamesikia mabaya kuliko hayo.