Betri mbili sambamba, BMS mbili: kwa fundi anayeanza

Ukiwa mgeni katika kazi ya sola hapa Nairobi, haitachukua muda kabla mteja hajakuuliza: nina betri moja ya lithiamu, nataka ya pili, si ni kuunganisha tu chanya kwa chanya na hasi kwa hasi? Usikimbilie kusema ndiyo. Kila betri ina BMS yake ndani, yaani bodi ya kielektroniki inayoilinda betri na kukata umeme ukizidi, na BMS hulinda seli zake peke yake. Mzigo wa betri ya jirani haiujui.

Niliitwa nyumba moja Donholm. Betri mbili za kilowati-saa 5, kila BMS ikiruhusu ampea 50. Mama mwenye nyumba alikuwa amechoka: stima ikipotea, akiwasha birika na pasi pamoja, nyumba yote inazima. Kwa hesabu alikuwa na ampea 100, na mzigo wake haukuzidi 85. Nikashika nyaya kwa mita ya klampu (nunua inayopima DC, umeme wa betri, maana nyingi za bei nafuu hupima AC tu, umeme wa stima). Betri ya kwanza, ampea 56. Ya pili, 29. Sekunde chache baadaye BMS ya kwanza ikakata, mzigo wote ukaiangukia ya pili, nayo ikakata papo hapo.

Nilizima kila kitu, nikasogeza mkono karibu na vichwa vya nyaya vya betri ya pili. Kimoja kilikuwa cha moto. Nikavuta waya kidogo tu, ukachomoka: ulikuwa umebanwa kwa koleo la kawaida. Mbano uliolegea huongeza ukinzani, umeme ukahamia njia nyepesi, kwa hiyo betri iliyofungwa vizuri ndiyo iliyokuwa inaumia. Nikabana upya kwa mashine ya kubania, nikazipa betri zote nyaya za unene na urefu mmoja, kisha waya chanya wa inverta nikaufunga kwenye betri ya kwanza na wa hasi nikaufunga kwenye ya pili. Nikapima tena: 44 na 41. Mama akachemsha chai huku akipiga pasi sare za shule.

Lakini sikuondoka bila kumwambia ukweli: betri moja ikijitoa, iliyobaki haiwezi kubeba 85. Panga ukubwa wa mfumo ukiwaza siku hiyo. Na kuchaji pia, kama inverta haizungumzi na BMS, weka kikomo cha ampea ambazo betri moja inaweza kupokea ikiwa peke yake.

Siku ya kuunganisha ndiyo ya hatari zaidi. Ukinzani wa ndani wa betri hizi ni mdogo mno. Tofauti ya volti 2 kati ya betri mbili, kwenye njia yenye ukinzani wa omu 0.04 inasukuma ampea 50, hata kabla hujawasha taa moja. Na usiamini volti za betri iliyojaa nusu, kwa sababu lithiamu ya chuma na fosfati hukaa karibu volti zile zile kutoka asilimia 30 hadi 80. Jaza kila betri peke yake, iache itulie saa kadhaa, pima, na uunganishe tofauti ikiwa chini ya volti 0.1. Hesabu seli pia. Kibandiko kinaweza kusema 48 ilhali ndani kuna seli 15, na jirani yake ana 16. Hizo usiziunganishe kabisa.

Kila betri ipewe fyuzi yake ya DC. Swichi za ndani ya BMS zinaweza kuungua zikabaki zinapitisha umeme bila kukata, na hapo betri iliyo salama itaimwagia umeme ile mbovu. Breka ya AC ya ukutani haitazima cheche ya DC.

Jambo la mwisho linahusu Julai yetu ya mawingu. BMS nyingi husawazisha seli zikikaribia kujaa tu, kwenye volti 3.4 hivi kwa seli. Betri ikishinda wiki tatu bila kujaa, seli zinaachana kwa kiwango cha chaji, na asilimia inayoonyeshwa inadanganya. Mwonyeshe mteja jinsi ya kuzijaza kwa stima mara moja au mbili kwa mwezi, na aziache saa chache zikiwa zimejaa. Mimi humwandikia hatua hizo kwa kalamu nzito kwenye karatasi, naibandika kando ya inverta.