Usipige vanishi chumbani na mlango umefungwa

Mkuu, umeuliza kama unaweza kupiga vanishi kabati humo humo chumbani, mlango umeufunga ili vumbi lisishike, halafu usiku mlale humo na mtoto. Nakusihi, usifanye hivyo.

Mimi ni fundi samani, na hilo unalotaka kulifanya nimeshalifanya. Chumba cha kupanga, dirisha moja, nikalifunga kwa ajili ya vumbi hilo hilo. Mwanzoni harufu ya thina, kile kimiminika cha kulainishia vanishi, ilinikaba, baadaye nikaona kama imeisha. Kumbe pua ndiyo imezoea. Nilikuja kushtuka nimepitisha brashi upande mmoja mara tatu, upande wa pili mkavu kabisa. Nikainama kuchukua kopo, magoti yakalegea. Nilitoka kwa kutambaa, na kule chini ndiko kubaya zaidi, maana mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa, hutulia sakafuni. Kichwa kiliuma hadi kesho yake. Sasa mfikirie mtoto anayelala kwenye godoro la chini.

Mvuke huo hupenya pia chini ya mlango. Wapangaji wengi tunapika koridoni. Mvuke huo ukikuta jiko linawaka, moto unaweza kurudi nao hadi kwenye kopo lako. Hata swichi ya taa hutoa cheche. Na wanaotumia petroli badala ya thina waache kabisa: inawaka upesi mno, tena ina kemikali iitwayo benzini, ambayo husababisha saratani ya damu.

Litoe kabati nje, hata kwa kulifungua vipande vipande, na lisirudi ndani mpaka harufu iishe. Usiiamini pua yako. Muite mtu ambaye hakuwepo anuse yeye. Kama halitoki kabisa, hamisha familia, zima kila moto, fungua mlango na madirisha, na uwe unatoka nje mara kwa mara. Barakoa ya kawaida huzuia vumbi tu, mvuke unapita. Inayosaidia ni ile yenye vichujio vya mkaa maalumu.

Thina ikibaki, iache kwenye kopo lake na ulifunge vizuri. Usiitie kwenye chupa ya soda au ya maji, hata kwa siku moja. Mtoto akiinywa msimtapishe, wala msimpe maziwa ili atapike, kwa sababu ikipanda inaweza kuingia mapafuni. Mkimbizeni hospitali, na kopo mlibebe daktari alione.