Muulize Nesi: Mkeka wa timu 12, jezi za bure na utafiti wenye mfadhili

Safari hii barua za presha na za vidonda vya tumbo zitasubiri. Zimekuja tatu juu ya jambo moja, kubeti, nami siwezi kulikwepa, maana liko mbele ya macho yangu. Kwa wasionijua: nilikuwa nesi wa wagonjwa wa akili miaka 27. Sasa nimestaafu, nina kibanda cha kutuma na kutoa pesa kwa simu hapa Busia, Uganda, mkabala na duka la kubeti. Mengine ninayoyasema nimeyasoma, mengine nayaona nikiwa nimekaa kwenye stuli yangu. Na kwa wasiobeti: mkeka ni tiketi yenye timu kadhaa ambazo lazima zishinde zote, moja ikikosa umepoteza; odi ni namba inayozidishwa na pesa yako ukishinda.

Shikamoo Mama Nesi. Naendesha boda ya mtu, kila Jumamosi nampelekea tajiri 60,000. Nabeti kwa sababu nataka milioni moja ya kuanzia pikipiki yangu mwenyewe. Naweka timu 12 za uhakika, odi 1.30 kila moja, kwa 1,000, na karibu kila siku ya mechi narudia. Kila mara mkeka unachanwa na timu moja tu! Mke wangu anasema mimi mgonjwa. Mimi namwambia huu ni mpango wa biashara. Nani mkweli?
*Dereva, Sofia, Busia*

Marahaba mwanangu. Nianze na lako, kwa sababu watu hukimbilia kukutukana kabla hawajakusikiliza.

Si wewe peke yako unayebeti kwa ajili ya pikipiki. Mtafiti wa uchumi Sylvan Herskowitz alifuatilia wachezaji zaidi ya 1,700 wa Kampala, kazi yake ikachapishwa mwaka 2021. Aliona kwamba kiasi ambacho mtu analenga kushinda kinakwenda sambamba na kitu kikubwa anachotaka kununua, kile kisichonunulika nusunusu. Huwezi kununua gurudumu la mbele leo na injini mwezi ujao. Benki haikujui, pesa ya mfukoni inaliwa na shida za kila siku, basi tiketi inaonekana ndiyo njia pekee ya kupata fungu kwa mkupuo. Watu walipopewa njia bora ya kuweka akiba, kisanduku tu, hamu ya kubeti ilipungua. Kisanduku! Niliposoma hapo nilikumbuka yale masanduku ya chuma ya vikundi vyetu vya akiba, yenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu. Mama wauza dagaa wa hapa wananunua cherehani na mabati kutoka humo, na hakuna hata mmoja anayejua nani anacheza na nani Jumamosi.

Sasa chukua penseli. Zidisha 1.30 kwa 1.30, endelea mpaka zitimie timu 12. Utapata kama 23.3, ndiyo ile 23,300 iliyoandikwa chini ya tiketi yako. (Iko mbali na milioni, ndiyo maana siku moja utaongeza timu ziwe 20.) Lakini odi anaipanga muuzaji, na humo ndani amekwisha kukata chake. Tuseme timu ya odi 1.30 hushinda kweli mara 72 katika 100. Ukiiweka peke yake huoni kitu: kwa muda mrefu kila 1,000 inakurudia kama 936. Ziweke 12 pamoja, na kile kipande anachokata kinajirudia mara 12. Nafasi ya zote kushinda ni chini ya mara 2 katika 100, na kila 1,000 inakurudia kama 450. Unadhani kwa nini wanakupa bonasi ukiongeza timu?

Na hiyo "timu moja tu" iliyokuchania mkeka ndiyo inayonitia wasiwasi. Mwaka 2009 Luke Clark wa Cambridge na wenzake waliwachezesha watu mashine ya bahati huku wakipiga picha ubongo wao. Kukosa kidogo kuliamsha sehemu zilezile zinazoamka mtu anaposhinda, ingawa wachezaji wenyewe walisema kunaudhi. Wewe ulishindwa, lakini moyo umeandika kwamba ulikaribia. Jumamosi saa nne usiku mchezo ukiisha, nawaona hapa wanatoka mmoja mmoja, tiketi zimekunjwa, kila mmoja anamweleza mwenzake kuhusu dakika ya 89. Sijawahi kumsikia mmoja akieleza kuhusu timu nne zilizomwangusha.

Sasa la mkeo. Ugonjwa wa kamari upo. Shirika la Afya Duniani limeuweka katika orodha yake ya magonjwa, ile iliyoanza kutumika 2022. Hatuupimi kwa kuhesabu pesa uliyopoteza. Nakuuliza hivi: ukisema leo siendi, unaweza? Kubeti kumekwisha kupita mbele ya chakula, usingizi, mtoto? Unaona madhara na bado unaendelea? Jibu ukiwa peke yako, si mbele ya mkeo mkiwa mmekasirikiana. Kama ni ndiyo, hospitali ya rufaa ya Mbale ina kitengo cha afya ya akili, na Kampala kuna Butabika, hospitali ya taifa ya wagonjwa wa akili. Hutakuwa wa kwanza kwenda.

Lipo swali jingine, nililokuwa nikimuuliza kila mgonjwa wangu wa namna hii: kuna usiku umetamani kutorudi nyumbani kabisa? Uchunguzi wa Uswidi uliochapishwa 2018 ulikuta watu waliotambuliwa hospitalini kuwa na ugonjwa huu walijiua kwa kiwango cha mara 15 ya watu wengine. Ikiwa jibu lako ni ndiyo, usingoje toleo lijalo la gazeti. Nenda leo, na umwambie mtu akusindikize.

Mama Nesi, nipo mwaka wa tatu chuoni, naandika tasnifu juu ya vijana na kubeti. Kampuni moja ya kubeti imejitolea kunilipia nauli na uchapaji wa dodoso. Haitaki kuona majibu, inaomba tu swali kuu liwe "Kwa nini baadhi ya vijana hawajui kujizuia?" Msimamizi wangu haoni tatizo.
*Mwanafunzi, Mbale*

Binti yangu, majibu hawayahitaji. Wamekwisha kuyanunua pamoja na swali.

Januari 1954 kampuni za tumbaku za Marekani zilitoa tangazo katika mamia ya magazeti, zikiahidi kusaidia utafiti wa afya, zikaunda na kamati yao ya utafiti. Kamati ile haikuwa na haja ya kudanganya kila siku. Ilitosha kulipia maswali mengine, watu wakaendelea kubishana wakati mapafu yanaoza. Mchezo huo umesomwa sana tangu hapo. Mwaka 2023 jarida la kitabibu la Lancet lilitoa mfululizo wa makala likasema viwanda vinne tu, yaani tumbaku, pombe, vyakula visivyo na afya, na mafuta na makaa ya mawe, vinahusika na angalau theluthi moja ya vifo vya dunia kila mwaka. Oktoba 2024 tume ya jarida ndugu yake, Lancet Public Health, ikaligeukia suala la kamari. Inakadiria kuwa watu wazima wapatao milioni 80 duniani wana ugonjwa huo au wanacheza kwa namna ya kuwaumiza. Tena ikasema wazi kwamba kumwachia mchezaji mzigo wote, "cheza kwa busara", ni njia inayoipendeza biashara yenyewe.

Sisi hapa tulikuwa na waragi wa vifuko. Hatukukaa kuuliza kwa nini baadhi ya vijana hawajui kunywa. Mwaka 2019 vifuko vilipigwa marufuku, kwa sababu pombe ya mia tano inayoingia mfukoni mwa sare ya shule ni bidhaa iliyotengenezwa iingie humo. Uliza maswali ya namna hiyo. Duka linafunguliwa saa ngapi na kufungwa saa ngapi? Mtu akishapoteza, ujumbe wa "beti ya bure" unaingia kwenye simu baada ya dakika ngapi? Kutoka lango la shule hadi mashine ya kwanza ya kamari ni hatua ngapi? Hizo utahesabu kwa miguu, nauli haihitajiki. Na ukiipokea pesa yao hata hivyo, andika hivyo ukurasa wa kwanza, kwa herufi za ukubwa uleule wa jina lako.

Msimamizi wako nisalimie.

Mimi ni katibu wa timu ya mtaa, wachezaji wana miaka 15 hadi 19. Duka la kubeti linatupa jezi seti mbili na mipira minne, nembo yao ikae kifuani. Wazazi wamegawanyika. Tunacheza na jezi zilizochanika, Mama.
*Katibu, Malaba*

Jezi zilizochanika nazijua, mwanangu wa kwanza alikuwa golikipa. Lakini sheria yetu ya bahati nasibu na michezo ya kubahatisha ya mwaka 2016 inakataza mtu wa chini ya miaka 25 kubeti. Yaani katika kikosi chako chote hakuna hata mmoja anayeruhusiwa kuingia katika duka ambalo atalitangaza kifuani. Waulize wenye duka: mnawapa jezi watoto ambao si wateja wenu, mnamngoja nani?

Hata vilabu vya Ligi Kuu ya Uingereza, vinavyolipwa mabilioni, vilikubaliana mwaka 2023 kuondoa nembo za kubeti kifuani kufikia mwisho wa msimu wa 2025/26. Mikono ya jezi wameiacha, wajanja wale, lakini kifua wamekiona ni aibu.

Mwombe fundi cherehani wa sokoni akupigie bei ya jezi tupu za rangi moja, kisha uwagawie wafanyabiashara nambari: duka la mbolea 7, mwenye hoteli 10, wenye malori wanaongoja foleni ya forodha wape mabeki wote. Nambari 1 ni yangu. Nitumie jina la golikipa na kipimo cha mabega yake, na kama bado anakua, aongezewe inchi mbili.