Ukienda kutazama majumba ya Mji Mkongwe, anzia kwa mafundi

Wengi wanaokuja Unguja kutazama majengo ya kale hufuata njia moja. Wanaanzia Forodhani, wanapita mbele ya Beit al-Ajaib, wanaingia Ngome Kongwe, wanapiga picha kwenye mlango wenye njumu za shaba, kisha wanakwenda zao kutafuta urojo. Matembezi hayo yana raha yake. Lakini kwa miaka mingi nimekuwa nikiwatembeza jamaa, wageni kutoka bara na vijana wa shule, na ushauri ninaoutilia mkazo kuliko wote ni huu: geuza njia. Nenda kwanza kwa mchonga milango na kwa fundi chokaa, ndipo uingie kwenye jumba lililokarabatiwa.

Sababu ni kwamba ukarabati ukifanywa vizuri, kazi yenyewe haionekani. Ukuta mweupe, dari imenyooka, ngazi imekaa sawa, na mgeni anapita akisema "pazuri" bila kujua alichokitazama. Ila akiwa asubuhi yake ameshinda kwenye vumbi la karakana, macho yake huwa mengine. Nimewaona vijana waliokuwa wamechoka na kuburuzwa na mwalimu wao wakiingia jumbani mchana na kuanza wenyewe kuinua vichwa na kuhesabu boriti.

Nianze na chokaa, kwa sababu hapo ndipo penye elimu kubwa. Kuta za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe yaliyoshikizwa kwa chokaa na udongo mwekundu. Chokaa yenyewe hutokana na mawe hayohayo: hupangwa juu ya magogo, huchomwa kwenye tanuu, kisha huzimwa kwa maji na kuachwa ikae. Kadiri inavyokaa ndivyo inavyozidi kuwa laini, na fundi anayeiheshimu kazi yake hana haraka nayo. Mwombe akuonyeshe iliyokaa na isiyokaa, utofautishe kwa jicho. Kwa mkono usiguse, na watoto wawekwe mbali nayo, maana chokaa mbichi inaunguza, na ikiingia machoni ni hatari.

Kisha muulize kwa nini hatumii saruji. Swali hili peke yake linatosha kukuweka hapo saa nzima, na ni saa utakayoifurahia. Ukuta wa matumbawe hunywa maji, ya mvua na ya ardhini. Ukipigwa lipu ya chokaa, unyevu ule hupata pa kutokea, ukuta ukakauka. Ukipigwa saruji, maji yanafungiwa ndani. Chumvi inajikusanya, lipu inavimba na kubanduka vipande vipande, na ncha za boriti zilizozama ukutani zinaoza pasipo mtu kujua. Mwenye nyumba akiona lipu imebanduka huongeza saruji nyingine juu yake, na ukuta unazidi kuumwa. Mzee mmoja fundi wa chokaa aliwahi kunishika mkono akauweka kwenye kuta mbili zinazotazamana uchochoroni, moja ya chokaa na moja ya saruji, akaniambia, "Sikiliza kwa kiganja, mwanangu." Ule wa saruji ulikuwa na ubaridi wa majimaji wakati wa jua kali. Tangu siku hiyo kila ninayemtembeza namwambia afanye vivyo hivyo.

Boriti nazo ziulizie. Ni za mkoko, na urefu wa mti ndio ulioamua upana wa chumba. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za zamani ni virefu na vyembamba, kuanzia Unguja hadi Lamu. Ukiwa ndani ya jumba lililokarabatiwa, tazama pale boriti inapoingia ukutani. Pana doa? Pana boriti mpya kati ya zile za zamani? Muulize mwenyeji ipi imebadilishwa na kwa nini. Mwenyeji mzuri hulifurahia swali hilo. Mimi nayaamini zaidi majengo yanayoonyesha waziwazi kipya na cha kale kuliko yale yanayotaka mgeni adhani hakuna kilichoguswa.

Kwa wachonga milango, usiende kwa kusudi la kununua tu. Kaa. Tazama nakshi inavyochorwa kwa penseli kabla patasi haijagusa mti, na jinsi mwanafunzi anavyopewa kwanza kona ndogo za kusafisha. Jifunze sehemu za mlango kwa majina yake: miimo pande mbili, kizingiti juu, na mfaa pale katikati ambapo mbao mbili hukutana. Ukishayajua hayo, milango inaanza kutofautiana machoni. Yenye kichwa kilichonyooka na yenye kichwa cha duara si ya mkono mmoja. Ule wa duara unafuata mtindo uliotoka India. Ulizia na mti. Milango mingi ya zamani ni msaji ulioletwa na majahazi; siku hizi utakutana na mfenesi mara kwa mara. Fundi akikwambia mti aliokosa kuupata na aliotumia badala yake, umepata habari ambayo haimo kwenye kibao chochote cha makumbusho.

Sasa nenda kwenye majumba. Mimi hupenda kuanza na Zahanati ya Kale kule Mizingani. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1887 kwa fedha za tajiri Tharia Topan, kuadhimisha miaka hamsini ya Malkia Victoria kwenye kiti cha enzi, na Topan mwenyewe alifariki kabla jengo halijaanza kazi. Miaka ya 1990 lilikarabatiwa na taasisi ya utamaduni ya Aga Khan. Simama ng'ambo ya barabara kwanza, utazame roshani za mbao, halafu ingia ndani utafute vioo vya rangi na mwanga unaovipitia. Ukitoka karakana asubuhi, utajua ni mikono mingapi imepita pale.

Beit al-Ajaib lazima usimame mbele yake hata kama utaitazama kwa nje tu. Ilijengwa mwaka 1883 zama za Sultani Barghash, na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya mbele ilianguka pamoja na mnara wa saa, wakati ukarabati ukiendelea. Watu wawili walifariki. Siwezi kupita pale bila kuwakumbuka. Wageni wanaoniuliza kwa nini mafundi wanahangaikia doa dogo la unyevu au ufa mwembamba, huwasimamisha hapo nikawaeleza.

Hamamni, penye bafu za umma za zamani, ni kituo kifupi, dakika chache zinatosha. Kanisa la Anglikana pale Mkunazini, lililosimama mahali palipokuwa soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873, usilifanye la mwisho ukiwa umechoka. Lipe asubuhi yake peke yake.

Kuhusu wakati: watu hukimbia masika, mimi nashauri uje mara tu baada yake, Juni hivi. Mvua inakuwa imeshasema yote. Unaona mfereji upi umevuja, paa lipi la bati limepitisha maji, ukuta upi umeanza kukauka. Fundi naye wakati huo ana mengi ya kusimulia na ya kukuonyesha. Ijumaa mchana usitegemee mtu, na mwezi wa Ramadhani nenda asubuhi, usimkalishe mtu aliyefunga juani akikueleza mambo.

Adabu. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zina wakaazi, hata zile zilizomo vitabuni. Mlango ulio wazi si ruhusa. Toa salamu, piga hodi, na ngoja ujibiwe. Walioko barazani wasalimie kabla hujaanza kuangalia juu. Funika mabega na magoti. Picha ya mtu iombwe kwanza; picha ya nakshi ambayo haijamalizika pia iombwe, kwani kuna mafundi wasiopenda michoro yao isambae kabla kazi haijafika kwa mwenyewe. Na fundi akikupa saa yake, mlipe. Usisubiri akutajie. Kununua kitu kidogo ni vizuri, lakini muda aliousimamisha mkono wake una thamani yake.

Kwa mafundi wanaofikiria kufungulia watu milango, nina neno pia: msifiche kazi ambayo haijaisha. Mgeni amechoka kuona vilivyokwisha kung'arishwa. Weka kipande kimoja katika kila hatua, mti mbichi, uliochorwa, uliochongwa nusu, na bei ya matembezi iandikwe wazi ili wenyeji na wageni wajue.

Mwenye nafasi ya kuvuka hadi Lamu ataona karakana na majumba yakiwa karibu zaidi. Ngome iliyojengwa kati ya 1813 na 1821 iko hatua chache kutoka kwa wachongaji, na Nyumba ya Kiswahili iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya inaonyesha zidaka za lipu, yaani vishubaka vya ukutani, ambazo huwezi kuzielewa kwa picha. Matondoni, kijiji cha kisiwa hichohicho, utawakuta waunda majahazi na wasuka mikeka.

Na kama umerithi hata chumba kimoja katika nyumba ya zamani Mji Mkongwe, matembezi haya ni yako kuliko ya mtalii. Kabla ya kununua mfuko wa saruji, mwite fundi chokaa aje aguse ukuta, kisha nenda Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe ukaombe kibali cha kazi unayotaka kufanya. Chukua picha za ndani za boriti na dari ulizopiga wakati wa masika. Ndizo zitakazoonyesha maji yanapoingilia.