Barua kwa mwanangu: kisauti chembamba cha kwenye santuri

Mwanangu mpendwa,

Huku nyumbani wote wazima. Umeniandikia kwamba hapo Praha ulishika noti ya koruna 2,000, ukauliza mwanamke aliyechorwa humo ni nani, ukaambiwa ni Ema Destinnová, mwimbaji wa opera. Ukazitafuta santuri zake mtandaoni, ukasikia kisauti chembamba, kama mtoto anayeimba ndani ya debe. Swali lako: je, huyu ndiye aliyesifiwa dunia nzima, au Wacheki wanamtukuza kwa kuwa ni wa kwao?

Sikio lako halikukosea. Ulichosikia ni chembamba kweli. Lakini hicho si sauti yake, ni mabaki ambayo mashine ya siku zile iliweza kuyashika.

Tazama kwanza kazi alizopewa, maana hizo hazina mikwaruzo. Alizaliwa Praha mwaka 1878 kwa jina la Emilie Kittlová. Destinn ni jina la mwalimu wake, Marie Loewe-Destinn, alilolichukua kwa heshima. Ukitafuta santuri, andika na "Emmy Destinn". Mwaka 1898, akiwa na miaka 20, alipanda jukwaani Berlin kama Santuzza, mhusika mkuu wa opera Cavalleria rusticana, akabaki kwenye opera ya kifalme ya mji ule miaka kumi. Miaka hiyo naiona nzito kuliko umaarufu uliofuata. Jumba la opera la Kijerumani humwajiri mwimbaji kwa mkataba, humzungusha: leo opera ya Verdi wa Italia, keshokutwa ya Wagner wa Ujerumani, wiki ijayo kazi ambayo wino wake haujakauka. Akiwa bado na mkataba huo aliimba Senta, mhusika wa Wagner, kule Bayreuth, kwenye tamasha la Wagner mwenyewe, mwaka 1901, akawa Butterfly wa kwanza London (katika Madama Butterfly ya Puccini) mwaka 1905 akiwa na Caruso, mwimbaji mashuhuri wa Italia, na mwaka 1906 akaimba Salome, opera ya Richard Strauss, ilipofika Berlin. Salome inataka okestra ya watu wapatao mia moja, na kipaza sauti hakuna. Mwenye sauti ya debe hapewi kazi hiyo mara mbili.

Usiku wa tarehe 16 Novemba 1908 aliingia Metropolitan, jumba la opera la New York, na Aida ya Verdi, usiku uleule ambao Toscanini, kiongozi wa okestra kutoka Italia, aliongoza okestra pale kwa mara ya kwanza. Mwaka uliofuata Mahler, mtunzi na kiongozi wa okestra, alimwongoza kwenye Prodaná nevěsta ya Smetana, opera ya Kicheki kabisa, ila iliimbwa Kijerumani. Tarehe 10 Desemba 1910 Puccini alizindua La fanciulla del West palepale, na Minnie, mhusika wake mkuu, wa kwanza alikuwa Destinnová. Ukumbi ule ulikuwa na viti zaidi ya 3,000.

Sasa mashine. Hadi mwaka 1925 santuri zilirekodiwa bila umeme. Mwimbaji alisimama mbele ya pembe kubwa, na nguvu ya sauti yake ndiyo iliyotikisa sindano iliyochonga mfereji wa santuri. Noti ya juu ilimbidi arudi nyuma, la sivyo sindano iliruka nje ya mfereji. Noti ya chini asogee. Kwa hiyo kupanda na kushuka kwa nguvu unakokusikia si kwake peke yake. Chumba kilikuwa kidogo, hakina mwangwi, na besi za nyuzi mara nyingi zilibadilishwa kwa tuba.

Ubaya mkubwa uko juu. Chukua wimbo wa Butterfly, "Un bel dì", alioufanyia santuri. Kilele chake ni B flati, mitetemo 932 kwa sekunde. Juu ya noti hiyo hupanda nyingine ndogondogo zinazoipa rangi: 1,865, halafu 2,797, na kuendelea. Pembe ilishika hadi kama 2,000 au 2,500 tu. Umebakiwa na noti yenyewe na kivuli kimoja, ndiyo maana inasikika kama filimbi. Na sauti nyingi zilizofunzwa husaidiwa kuipenya okestra na nguvu iliyo karibu na 3,000, kwa kuwa okestra nguvu yake iko chini, karibu na 500. Yaani pembe ilikata sehemu ya kile kilichofika viti vya nyuma.

Tena kuna kosa la kasi, ambalo unaweza kulirekebisha mwenyewe. Tunaziita santuri za 78, lakini nyingi za wakati ule zilirekodiwa kwa mizunguko 74, 76, hata 80 kwa dakika. Iliyorekodiwa kwa 73.6 ikichezwa kwa 78 hupanda nusu toni nzima, yaani hatua moja ya kinanda, na irabu nazo hupanda, kana kwamba koo na kinywa vimefupishwa. Huyo ndiye mtoto uliyemsikia.

Kaa karibu na kinanda. "Un bel dì" imeandikwa katika G flati, kibonye cheusi kilicho chini tu ya G. Ikiwa santuri inalia katika G, fungua programu ya kuhariri sauti, upunguze kasi kwa asilimia 5.6. Chagua kubadili kasi, si kubadili kimo (ujuu wa noti) peke yake, vinginevyo mwendo utabaki wa haraka. Usishushe kwa kukisia: ukizidisha, mtikisiko wa sauti utayumba kama mlevi na utamsingizia uchovu asiokuwa nao. Na kati ya nakala mbili za mtandaoni, chukua ile yenye mikwaruzo. Wanaoisafisha sana husafisha pamoja na rangi kidogo iliyosalia.

Usitegemee kupata santuri bora za uzeeni. Mwaka 1916 alirudi kwao, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiendelea, akanyang'anywa pasipoti kwa kuwaunga mkono Wacheki waliodai uhuru, akazuiliwa kwenye kasri lake la Stráž nad Nežárkou hadi vita vilipokwisha. Alirudi Metropolitan mwaka 1919, lakini si kwa muda mrefu, na akafariki Januari 1930 akiwa na miaka 51. Kaburi lake liko Vyšehrad, hapohapo Praha.

Ukishapima, niandikie umepata nini: G au G flati. Nakala ikilia chini ya G flati, itume huku niisikilize.

Mama yako