Maji yakigeuka kijani, nani anaandika walioumwa?

Meseji tatu za mwezi huu, moja imetoka Ohio, moja Ukerewe, moja Pemba. Wenyewe hawajuani lakini ukizisoma zote zinauliza kitu kimoja, kwa iyo nimeziweka pamoja hapa.

Shikamoo dada nesi. Naishi Toledo, Ohio, huu mwaka wa sita. Jumapili tulienda kwenye ziwa dogo la hapa karibu, kijana wangu wa miaka 7 akaingia majini na mbwa wetu, pembeni kulikuwa na utando wa kijani ila sikuutilia maanani. Usiku mtoto katapika mara nne, mbwa ndo kabisa anayumba na mate yanamtoka, asubuhi kafa. Daktari wa mifugo akasema yawezekana ni sumu ya yale maji, alafu nikapigiwa simu na watu wa afya wa kaunti, maswali kibao, mtoto alianza saa ngapi, mbwa alikunywa au aliogelea tu, picha ya maji ninayo? Mume wangu anasema nisijibu, sisi wageni tusijiingize kwenye mafaili ya watu. Mtoto sa hivi mzima. Nijibu au ninyamaze? (Msomaji, Toledo)

Marahaba mdogo wangu, na poleni sana, najua mbwa akishazoeleka nyumbani anakuwa mtu wa humo humo na mtoto ndo anaumia zaidi. Jibu. Jibu kila walichouliza, na picha kama unayo watumie leo leo.

Kwanza ujue mlikutana na nini. Ule utando sio mwani kama wanaolima kina mama wa Paje. Ni vijidudu vinaitwa sayanobakteria, vinaishi majini siku zote ila maji yakipata joto, yakatulia, na mbolea ya mashambani ikatiririkia humo, vinazaliana mpaka ziwa linakuwa kama limemwagiwa rangi. Baadhi vinatengeneza sumu, inayojulikana zaidi inaitwa maikrosistini na inakula ini, zingine zinapiga mishipa ya fahamu, na mbwa anayumba na kutoa mate na kuondoka ndani ya muda mfupi hivo mara nyingi ni hizo za mishipa.

Waulize wenyeji wa hapo mjini kwenu, Agosti 2014 hawajaisahau. Maji ya bomba ya Toledo yanatoka Ziwa Erie, na tarehe 2 Agosti watu waliamka wakakuta tangazo kwamba maikrosistini imepita kiwango cha mikrogramu 1 kwa lita, yaani sehemu moja ya milioni ya gramu ndani ya lita nzima, hata ulimi hausikii. Watu kama 400,000 walikaa mpaka tarehe 4 bila kunywa maji ya bomba, na waliambiwa wazi wasichemshe, nitaeleza kwa nini nikifika kwa ndugu yetu wa Ukerewe.

Sasa hiyo simu. Kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kilifungua mwaka 2016 mfumo wa kuandika magonjwa ya aina hii, unaitwa OHHABS, na mi ninachoupendea ni kwamba binadamu, mnyama na ziwa lenyewe wanaandikwa sehemu moja. Kwenye ripoti ya miaka mitatu ya mwanzo, 2016 mpaka 2018, majimbo 18 yalipeleka taarifa za matukio 421 ya maji kuchafuka hivo, watu 389 walioumwa na wanyama 413. Angalia hapo, wanyama wamewapita watu. Mbwa anakunywa maji pale pale pembeni ambapo upepo umesukumia ule utando, akitoka anajilamba manyoya, kwa iyo anabeba dozi kubwa kuliko mtoto na anaanguka kabla ya mtoto. Mbwa wenu akiandikwa na mahali alipokunywa, mtu wa kaunti ana sababu ya kwenda kupima maji na kuweka kibao kabla familia nyingine haijafika na watoto wao.

Alafu hizo namba ni ndogo mno kwa nchi ya majimbo 50, na sababu mojawapo ni hiyo anayosema mume wako. Jimbo halilazimishwi kupeleka, na mtu akinyamaza hakuna cha kupeleka. Wengi wanatapika usiku mmoja, kesho wazima, wanasema nimekula kitu kibaya, basi imeisha hivo.

Mwambie shemeji yangu kwa heshima zote kwamba hii sio kazi ya uhamiaji. Wanachotafuta ni umri, dalili, saa zilizopita kati ya kuingia majini na kuumwa, na maji gani. Wakishapata wanapima uzito wa taarifa, kuna mgonjwa wa kushukiwa tu, kuna ambaye kuna uwezekano mkubwa ni sumu hiyo, na kuna aliyethibitishwa ambapo dalili zimekutana na vipimo. Kijana wako bila picha na bila maji kupimwa atabaki chini kabisa kwenye ngazi hiyo, ndo maana wanakubana na maswali.

Na wewe siku hizi chache mwangalie macho kama yana unjano, mkojo kama umekuwa wa rangi ya chai, ukiona hivo hospitali hapo hapo. Namba ya kituo cha sumu cha huko ni 1-800-222-1222, inapokelewa saa zote na ukiomba mkalimani unapewa.

Habari za kazi dada. Mi mvuvi, niko Ukerewe. Kuna majira ziwa linageuka kijani kabisa, kina mama wanasogeza ule ukoga kwa mkono wanachota maji chini yake. Tunachemsha na dawa tunaweka. Watoto wanawashwa mwili, matumbo hayaishi, zahanati tunaambiwa minyoo, mara kichocho, mara taifodi. Ni kweli hayo tu? Na kama ni maji, mbona hatujawahi kuona mtu anakuja kutuandika? (Mvuvi, Ukerewe)

Nzuri kaka yangu. Swali lako la mwisho nimelala nalo siku mbili, kwa sababu mi mwenyewe nimewahi kukaa upande wa pili wa meza.

Nilifanya kazi zahanati moja kando ya ziwa, siitaji. Nakumbuka asubuhi moja wamekuja watoto watatu wa nyumba moja, mkubwa miaka tisa, vipele vimepanda mpaka shingoni pale maji yalipoishia, na wote watatu wanaharisha. Mama yao kasimama na khanga imelowa chini, pindo lina ukingo wa kijani umeshakauka kama rangi ya ukuta. Nimeuona kwa macho yangu ule ukingo. Nikafungua daftari la MTUHA, lile la serikali la kuandikia wagonjwa, nikaandika kuhara, kuhara, kuhara, na ugonjwa wa ngozi, nikawapa dawa wakaondoka. Safu ya kuandika maji yalikuwa na rangi gani haikuwepo, na mi sikuuliza. Baada ya siku mbili mama yule yule alinisimulia njiani kwamba bata wake wamekufa ufukweni, nikampa pole nikapita zangu. Leo najua zile zilikuwa taarifa tatu za jambo moja, watoto, bata na khanga, na zote zilipita mikononi mwangu hazikukutana popote.

Kwa iyo kaka, minyoo ipo na kichocho kipo, sikwambii uache dawa zake, kichocho ukanda wa ziwa ni kikubwa na usikidharau. Lakini sumu nayo imo majini, hilo limepimwa. Mwaka 2021 watafiti wa taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha na wenzao wa nje walichapisha kwamba kwenye maji ya Ziwa Victoria upande wa Tanzania wamekuta aina tatu za sumu hizi kwa pamoja, maikrosistini, nodularini na silindrospamopsini. Upande wa Kenya, ghuba la Winam pale Kisumu, watafiti wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, wamefanya kazi na chuo cha Bowling Green cha Ohio, ndo walewale jirani wa Ziwa Erie, maana tatizo ni lile lile, ghuba la kina kifupi, joto, na mito inayoleta mbolea na maji taka. Kwa hiyo ziwani sumu inajulikana. Kinachokosekana ni uzi wa kuunganisha ile chupa ya mtafiti na daftari la zahanati yenu.

Huo uzi una kazi gani? Mwaka 1996 mji wa Caruaru, Brazil, wagonjwa wa figo kwenye kliniki moja ya kusafishia damu walianza kuona ukungu machoni, kutapika, alafu maini yakafeli. Zaidi ya 100 waliugua kati ya kama 130 na zaidi ya 50 walifariki. Kliniki nyingine ya mji huo huo wagonjwa wake hawakuumwa hivo. Wachunguzi wakaweka orodha mbili mezani, hawa maji yao yanatoka wapi na hawa wapi, wakakuta kliniki ya kwanza ilikuwa inaletewa maji kwa lori yasiyosafishwa inavyotakiwa, ndani kuna maikrosistini, na kwenye maini ya marehemu ikakutwa pia. Kila mgonjwa pale alikuwa na faili lenye tarehe, ndo maana ilionekana. Sasa watu kama wale wangekuwa wametawanyika kwenye mialo kumi, yaani fukwe kumi za wavuvi, kila mmoja kaenda duka lake la dawa, nani angejua?

Nije kwenye kuchemsha, na hapa nisikilize vizuri. Kuchemsha kunaua vijidudu vya kipindupindu na taifodi, endelea. Ila sumu hii moto hauiondoi. Kile kijidudu kikipasuka kwenye maji ya moto kinamwaga sumu iliyokuwa ndani yake, na maji yakipungua sufuriani inayobaki inakuwa kali zaidi. Dawa ya vidonge au ya kutonesha nayo haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Na kusogeza ukoga kwa mkono ndo unaukoroga uingie kwenye ndoo. Majira ya kijani wanywe maji ya mvua au ya kisima, na kama hakuna, chimbeni kisima cha mchangani hatua kadhaa kutoka ufukweni maji yachujwe na mchanga kwanza, alafu hayo ndo yachemshwe. Mwenye mtumbwi achote mbali na ukoga, asichote upande ambao upepo unasukumia. Watoto wasiogelee. Samaki mtoeni matumbo na ini, muoshe kwa maji safi, na aliyekutwa keshakufa anaelea asiliwe wala asipewe kuku.

Kujua kama ukoga huo ni hao sayanobakteria niliowataja juu, vaa mfuko wa plastiki mkononi, jaza chupa ya kuonyesha robo tatu, ifunge, iweke kivulini usiitikise mpaka asubuhi. Kijani kikipanda juu kama malai ya maziwa, hao ni wao, wana hewa ndani inayowaelekeza juu. Kikizama chini, mara nyingi ni mwani wa kawaida. Chupa haikwambii sumu ipo kiasi gani, hiyo ni kazi ya maabara, ila chupa yenye tarehe na jina la mwalo mkononi mwa afisa afya wa kata ni ngumu kuipuuza.

Na daftari mnaweza kuanza nalo wenyewe pale mwaloni, daftari la shule la kawaida tu. Tarehe, maji yalivyokuwa, nyumba gani, nani kaumwa na nini, mifugo gani imekufa. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii ampelekee mganga wa zahanati, na namba 199 ya Wizara ya Afya ni bure, pigeni mseme hivo hivo, maji ya kijani na watu wanaumwa. Serikali yetu ina mpango wa Afya Moja wa kuwaweka daktari wa watu na wa mifugo pamoja, basi bata na watoto wa mwalo wako ndo kazi yenyewe.

Wenzangu manesi mnaosoma hapa, mgonjwa wa tumbo au ngozi akitoka kando ya ziwa, muulize rangi ya maji, andika pembeni kwa kalamu hata kama safu haipo.

Assalaam alaykum dada. Niko Pemba. Baada ya yale ya kisiwa cha Panza watu wengine bado wasema ni uchawi, wengine wasema nyama ya kasa ilioza. Wewe wasemaje, na yahusiana na hayo maji? (Msomaji, Mkoani)

Waalaykum salaam ndugu yangu, Mungu awarehemu wote. Machi 2024 pale Panza walifariki watoto 8 na mtu mzima mmoja baada ya kula kasa, na wengine 78 walilazwa. Novemba 2021 Pemba hiyo hiyo walikufa 7. Nyama haikuwa imeoza. Ilikuwa ni sumu, na wataalamu wanaihusisha na mwani wenye sumu anaoula kasa, inajikusanya mwilini mwake na yeye haimdhuru, wala nje haonekani mgonjwa. Kupika hakuitoi, na watoto ndo inawaua zaidi. Hata mtoto wa kunyonya inampata kupitia ziwa la mama aliyekula, kwa iyo mama kama huyo aache kunyonyesha mara moja na wote wawili wapelekwe hospitali, wasingoje dalili.

Kasa asiliwe, na sheria inakataza pia. Ila likitokea tena popote pwani hii, pamoja na kukimbiza watu hospitali, mtu mmoja mwenye akili iliyotulia abaki pale nyumbani. Sufuria isioshwe, nyama iliyobaki ifungwe kwenye mfuko iwekwe kwenye barafu, majina ya wote waliokula yaandikwe pamoja na wale wanaosema hawasikii kitu, maana dalili zinaweza kuchelewa siku kadhaa, na karatasi hiyo na mfuko huo apewe daktari wa kwanza atakayefika.